Barua ya wazi kwa uongozi wa klabu yetu: timu hii haikuzaliwa siku mliyoingia ofisini

KWA: Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wote wa Kamati Tendaji ya klabu yetu ya kikapu

YAH: HISTORIA YA KLABU INAYOTUPWA NA KUPINDISHWA

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam kwako na kwa wajumbe wote. Naandika kwa heshima na naomba mnisome hivyo hivyo, sina ugomvi na mtu na wala sitafuti cheo, uchaguzi ukifika msihangaike kutafuta jina langu kwenye fomu. Ila kuongea pembeni nimeongea mpaka basi. Barua kwa Katibu mbili, hakuna jibu. Meseji kwenye grupu la viongozi, tiki mbili za bluu halafu kimya. Nikaomba nafasi kwenye mkutano mkuu, nikaambiwa jambo langu litaingia kwenye mengineyo, na mengineyo yetu wote tunayajua, yanafika watu wameshaanza kukunja viti. Basi leo naweka hadharani, wanachama wasome, na wachezaji wa sasa wasome maana wao ndio wanadanganywa kuliko wote.

Kwa asiyenijua, nilicheza timu ya wanawake ya klabu hii mpaka goti likagoma, nikahamia mezani nikawa mwandishi wa karatasi ya mechi, ndio maana wengi mnaniita Dada wa Meza. Kazi ya meza haina sifa, hakuna shabiki anayeomba picha na mwandishi. Ukumbi mzima ukiruka wewe umeinamisha kichwa unaandika nani kafunga, nani kafanya faulo, imebaki taimauti ngapi. Kwa hiyo mnaponiambia "hayo mambo ya zamani hakuna anayeyajua" mnanichekesha kidogo, mimi nilikuwa nalipwa nauli ili niyajue.

Haya, malalamiko yangu ni haya.

1. MWAKA WA KUANZISHWA SI KWELI, NA BANGO LENU WENYEWE LINAWAUMBUA

Mmetangaza maadhimisho, sawa, hata mimi napenda sherehe. Bango limetoka, rangi zimekaa vizuri. Chini mmeandika mwaka wa kuanzishwa kwa klabu, na mwaka huo ni ule tuliosajiliwa upya kwa jina jipya baada ya mdhamini kuingia. Juu yake mmeweka picha ya zamani, vijana wamesimama chini ya ringi, na maandishi yanasema "kikosi cha kwanza".

Sasa jamani iangalieni hiyo picha. Anzeni sakafuni. Ile sehemu iliyopakwa rangi chini ya ringi sio mstatili, imepanuka kuelekea mstari wa mwisho kama sketi. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, waliliacha umbo hilo mwaka 2010, wakaleta mstatili tulionao leo, na safari hiyohiyo mstari wa pointi tatu ukasogezwa kutoka mita 6.25 kwenda 6.75. Mwaka ulioandikwa kwenye bango ni wa baada ya hapo! Najua kuna mjumbe atasema labda uwanja ulikuwa haujapakwa upya, haya, pandisha macho kwenye jezi. Namba zinaanzia 4 zinaishia 15, hakuna 0, hakuna 23, hakuna 77, kwa sababu sheria za FIBA zilikuwa hivyo mpaka 2014 walipofungulia namba nyingine. Bado hujaridhika? Aliyesimama wa pili kutoka kushoto ni marehemu kocha wetu. Mlimzika nyie wenyewe akiwa na mvi kichwa kizima, hapo kwenye picha nywele nyeusi tii na zimejaa mpaka zinagusa bega la jirani.

Na hiyo picha wala sio kikosi cha kwanza, ni kama cha tatu hivi.

Wazee waliniachia nakala kumi na mbili za karatasi za mechi za mwanzo mwanzo. Zina vipindi viwili vya dakika 20, sio robo nne za dakika 10, na FIBA walihamia robo nne mwaka 2000. Hilo peke yake linatosha lakini kuna jingine ambalo mimi kama mtu wa meza nalipenda zaidi. Ukiandika pointi mbili unapiga mstari kwenye hesabu na kuweka namba ya mchezaji, ila akifunga pointi tatu ile namba yake unaizungushia duara. Nimepitia hizo karatasi kumi na mbili moja moja, hakuna duara hata moja. Karatasi moja bila duara sio ushahidi, timu inaweza kukosa usiku mzima (na sisi tumewahi, naomba nisikumbushe mechi gani), lakini kumi na mbili mfululizo, timu zote mbili, maana yake ni kwamba ule mstari haukuwepo sakafuni. FIBA waliuingiza kwenye sheria mwaka 1984. Hata tukisema ligi yetu ilichelewa kufuata miaka miwili mitatu, bado fanyeni hesabu wenyewe hii klabu ina umri gani. Mwaka kamili bado nabishana na wazee wawili, kila mmoja ana wake, ila wote wawili wako mbali kabisa na wa kwenu.

2. MABOKSI YA KARATASI YAKO WAPI?

Hili ndio linaniuma zaidi. Ofisi ilipopakwa rangi maboksi manne yalitolewa nje "kwa muda". Yakakaa kwenye veranda, mvua ikanyesha mara mbili, siku ya tatu napita hayapo. Nikauliza. Nikajibiwa "zile takataka zilishabebwa".

Ndugu Mwenyekiti, naomba nikueleze kilichokuwemo maana naona hukuwahi kuyafungua. Karatasi ya mechi ya FIBA inaandikwa mara moja inatoka kwa rangi nne, ile halisi nyeupe, halafu nakala ya bluu, ya pinki na ya njano. Ya pinki anachukua mshindi, ya njano anachukua aliyefungwa. Kwa hiyo boksi letu ukifungua tu, hata hujasoma neno, umeshajua msimu ulikwendaje. Kulikuwa na boksi moja la njano juu mpaka chini, ule ni msimu tulioshuka daraja. Ukisoma ndani unakuta vitu ambavyo hakuna mtu angekusimulia, kwa mfano kuna mechi tulimaliza na wachezaji watatu uwanjani kwa sababu wengine wote walikuwa wametolewa kwa faulo tano tano na benchi lilikuwa na watu saba tu toka mwanzo, manake wengine walikuwa zamu kazini. Kuna karatasi ina sahihi ya kapteni pale kwenye sehemu ya pingamizi, amesaini kwa hasira mpaka kalamu imetoboa. Yote hayo ni takataka?

Tarehe 2 Machi 1962 Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 kwenye mechi moja, kule Hershey, Pennsylvania, timu yake ya Philadelphia Warriors ikawafunga New York Knicks 169 kwa 147. Rekodi ile haijafikiwa na mtu kwenye NBA, ile ligi ya kulipwa ya Marekani. Na hakuna video. Hakuna kabisa, mechi haikuonyeshwa kwenye televisheni, na waliokuwa ukumbini ni watu 4,124. Tunajua ilivyokwenda kwa sababu kulikuwa na watu wameinamisha vichwa wanaandika, na ile picha yake maarufu ameshika karatasi yenye namba 100, aliyeiandika ile namba ni Harvey Pollack, mtu wa takwimu wa timu. Na zile kanuni 13 ambazo James Naismith, aliyebuni huu mchezo, alizibandika ukutani Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, kurasa mbili tu zilizopigwa taipu, mwaka 2010 ziliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 4.3. Sisemi zetu zingefika huko, hapana, zetu hata elfu moja asingetoa mtu. Nasema tu karatasi ya kikapu sio kitu cha kuacha kwenye veranda mvua inanyesha.

3. TIMU YA WANAWAKE IMEGEUZWA SENTENSI MOJA

Kile kijitabu cha historia mlichochapisha kina kurasa kumi na mbili. Sisi tumepewa mstari mmoja, ukurasa wa tisa: "klabu pia iliwahi kuwa na timu ya wanawake". Iliwahi kuwa! Kama mtu aliyewahi kuwa na mafua.

Timu hiyo ndiyo ilileta kabatini kombe la kwanza la klabu hii, sio wanaume. Kombe lenyewe nimelikuta mwezi uliopita kwenye dirisha la ofisi limejazwa kalamu na mkasi. Tulikuwa tunacheza mechi ya utangulizi, saa ambayo ukumbi bado haujajaa, tukimaliza tunavua jezi tunawapa wanaume wazivae zikiwa bado zimelowa jasho kwa sababu seti ilikuwa moja. Nawaombeni mliweke na hilo kwenye kijitabu.

Na msiniambie wanawake waliingia kwenye huu mchezo baadaye. Mwalimu Senda Berenson aliwafundisha wanafunzi wake wa Smith College, chuo cha wanawake kule Marekani, mwaka 1892, mchezo wenyewe hata mwaka haujatimiza. Aprili 1896 wasichana wa Stanford walicheza na wa California wakashinda 2 kwa 1, na ni Novemba ya mwaka huohuo ndipo inapotajwa ile mechi ya Trenton ambapo wanaume walilipwa kwa mara ya kwanza. Yaani wanawake walikuwa wanashindana chuo kwa chuo kabla hao wanaume hawajaonja hata senti. Na kule Kanada kulikuwa na Edmonton Grads, wasichana wa kazi zao za ofisini na za ualimu, jioni mazoezini, toka 1915 mpaka 1940, wakashinda mechi zaidi ya 500. Kikapu cha wanawake kilikuja kuingia Olimpiki 1976 wao wameshastaafu zamani. Waliandikwa lakini, ndio maana mimi niliyeko huku nawajua.

4. "MFUNGAJI BORA WA MUDA WOTE"

Hapa fupi. Kijana mliyempa tuzo hiyo ni mzuri sana na nampenda, hana kosa lolote. Ila mmehesabu kuanzia mlipoanza kutumia ile programu ya takwimu kwenye simu, basi. Huo sio muda wote, ni muda wa programu. Halafu hata kuhesabu kwenyewe kuna namna yake, waliotangulia walicheza bila pointi tatu, na mpaka 2000 timu ilikuwa na sekunde 30 za kushambulia sio 24. Kasi tofauti. Kabla ya saa ya sekunde 24 kuletwa NBA mwaka 1954 kuna mechi Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, Novemba 1950, watu walishika mpira wakakaa nao. Huwezi kuchukua mfungaji wa enzi zile ukamlinganisha tu na wa leo bila maelezo. Andikeni "mfungaji bora tangu msimu fulani", inatosha, na tuzo yake inabaki palepale.

5. KLABU HAIKUWA "YA KULIPWA TANGU SIKU YA KWANZA"

Hiyo sentensi iko ukurasa wa pili na sijui nani aliiandika. Sisi tulikuwa timu ya nusu kulipwa, na mzee mmoja alikuwa anapenda kusema nusu tulilipwa, nusu nyingine tulijilipia. Mchezaji alipata nauli, akipata posho ya ushindi basi ni mwezi mzuri. Mchana watu walikuwa makarani, mafundi, walimu, kuna mlinzi wa usiku alikuwa anacheza robo tatu halafu anaondoka na jezi ndani ya sare ya kazi. Nyavu za ringi alisuka mke wa mchezaji.

Kwanini mnaona aibu? Timu kubwa kabisa zimetokea hukohuko. Phillips 66ers wa Bartlesville, Oklahoma, walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya mafuta, na Bob Kurland, jitu la futi saba, aliamua kubaki nao akiwa na kazi yake badala ya kwenda kucheza kwa mshahara, akabeba dhahabu za Olimpiki mbili, 1948 na 1952. Timu ya Marekani ya 1948 ilikuwa na watano kutoka hiyo timu ya kampuni. Sisi hatukubeba dhahabu, tulibeba mipira kwenye gunia la mahindi, lakini ni stori yetu. Mkiandika tulikuwa wa kulipwa mnawafuta wale waliotoa mfukoni, na kuna wengine mpaka leo mnawadai kiingilio getini.

SASA MAJIBU NINAYOYATEGEMEA

Mtasema mdhamini alitaka jina lake na mwanzo wake. Jina sawa, sina tatizo. Mwaka 1923 kule Harlem Bob Douglas alikubali timu yake iitwe kwa jina la ukumbi wa Renaissance ili wapate pa kufanyia mazoezi na kucheza, na hao ndio New York Rens, walioshinda mechi 88 mfululizo msimu wa 1932-33 na kuchukua ubingwa wa dunia wa wachezaji wa kulipwa Chicago mwaka 1939. Jina la ukumbi wala halikuwapunguzia kitu. Ila neno baya lilipoandikwa walilikataa, baada ya ule ubingwa walipewa jaketi zenye maandishi ya kuwaita mabingwa wa dunia wa watu weusi, na John Isaacs akachukua wembe akalitoa lile neno la rangi ya ngozi, likabaki "mabingwa wa dunia". Mdhamini aweke jina lake kifuani, umri wa klabu sio wake kuuweka. Na kwa ninavyomjua meneja wao hajawahi hata kuulizwa, mnamsingizia tu.

Mtasema kisheria klabu ilianza siku ya usajili. Hicho cheti kinasema klabu *imesajiliwa* lini. Mtoto akichelewa kupata cheti cha kuzaliwa haina maana alikaa tumboni miaka yote hiyo.

Mtasema karatasi zilikuwa na panya. Kweli zilikuwa na panya, niliwaambia mimi mwenyewe, nikaomba kabati la bati, likanunuliwa, likawekwa taulo za wageni.

Na mtasema kipaumbele ni kushinda mechi. Mimi hapo nanyamaza, kwa msimu tuliomaliza naona na hilo nalo linasubiri.

NINACHOOMBA

a) Msichapishe jezi za maadhimisho kwanza. Najua ziko kwa fundi, mpigieni leo, mwaka ubaki wazi mpaka tukae.

b) Undeni kamati ndogo ya watu watatu, mmoja awe mzee mwanzilishi kati ya wale waliobaki, mmoja mchezaji wa sasa, mmoja kutoka timu ya wanawake. Sio lazima niwe mimi. Wapewe miezi mitatu, warekodi sauti za wazee kwa simu (hili ni la haraka kuliko yote, wazee hawatusubiri) na wapige picha kila karatasi iliyobaki.

c) Mtueleze kwa maandishi maboksi yalibebwa na nani, yakapelekwa wapi. Sitaki mtu afukuzwe kazi, hasa yule kijana wa usafi aliyetumwa tu, nataka kujua kama bado kuna kitu cha kuokolewa.

d) Kijitabu kisimamishwe kugawiwa, na toleo jipya liwe na majina ya kikosi cha wanawake yote. Ninayo kichwani, nitayaandika kwa mkono wangu. Na kombe litoke dirishani.

Naomba majibu kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani msimu ujao. Kwenye karatasi ya mechi kapteni asiporidhika anasaini kwenye pingamizi kabla refa mkuu hajaweka sahihi yake ya mwisho, maana refa akishasaini hapo mambo yameisha. Mimi nimeshasaini, nyie msiharakishe kumpa refa kalamu.

Nakala za hizo karatasi kumi na mbili ninazo, nitakuja nazo mazoezini Jumamosi, atakayetaka kuziona aje na mikono mikavu. Na kama kuna mwanachama yeyote, au jirani, au aliyebeba yale maboksi, alichukua hata karatasi moja akafungia kitu au akaweka chini ya godoro, naomba anirudishie, nitaipokea bila maswali hata ikiwa imelowa, imetafunwa pembeni, hata ikiwa ya njano.

Wenu katika mchezo,

Dada wa Meza
Mwanachama, mchezaji wa zamani na mwandishi wa karatasi za mechi